Nyumba ya ghorofa hupozwa kuanzia juu

Usiku wa msimu wa joto, jua likiwa limezama saa mbili zilizopita, panda hadi chumba cha juu kabisa cha nyumba ya ghorofa. Simama juu ya kiti, nyoosha kiganja karibu na dari bila kuigusa. Utalihisi joto likikushukia mkononi, kama vile umekisogeza kiganja mbele ya pasi. Kisha shuka ghorofa ya chini ufanye vivyo hivyo: dari ya huko imetulia tuli. Nje kumeshapoa, waliokaa sebuleni hawana habari, lakini anayelala juu anageuza mto kila baada ya muda akitafuta upande wa baridi.

Ukiuliza sababu, utajibiwa kwa maneno matatu: hewa moto hupanda. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowatia watu hasara. Anayeamini kwamba shida yote ni hewa iliyopanda kutoka chini atanunua kiyoyozi kikubwa zaidi, atakifunga sebuleni, atakishusha hadi nyuzi 16, na chumba cha juu kitabaki vilevile. Joto lililokigusa kiganja chako halikupanda ngazi. Limetoka kwenye paa lililopigwa na jua mchana kutwa, na sasa linashuka.

Nyumba ya ghorofa haina hali ya hewa moja. Kila ghorofa ina yake, na ngazi ndiyo inayoziunganisha. Nitaanza na paa, kwa sababu huko ndiko kwenye kazi kubwa, na kiyoyozi nimekiweka mwisho kwa makusudi.

Paa

Jua likiwa utosini na anga likiwa safi, kila mita ya mraba iliyolala bapa hupigwa na miale yenye nguvu ya takribani wati 1,000. Chukua paa la mita za mraba 80, ambalo si kubwa: linapokea kilowati 80. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba kimoja huondoa kilowati 2.5 hadi 3.5 za joto. Bila shaka si joto lote la paani linaloingia ndani. Sehemu huakisiwa, sehemu huchukuliwa na upepo, sehemu hurudi angani. Lakini tuseme moja ya kumi tu ndiyo iliyopenya. Hizo ni kilowati 8, kazi ya viyoyozi viwili au vitatu, na zote zinapitia dari ya ghorofa ya juu. Ghorofa za chini haziguswi na joto hilo moja kwa moja, kwani dari yao ni sakafu ya wenzao.

Ukishalielewa hilo, rangi ya paa haiwi tena suala la urembo. Paa la rangi ya giza hunyonya karibu miale yote. Siku ya jua kali huweza kufika nyuzi 65 za Selsiasi na kupita. Paa lililopakwa rangi nyeupe ya kuakisi, jua lilelile na saa ileile, linaweza kuwa baridi kuliko hilo kwa nyuzi 28 hivi. Hakuna mashine hapo wala umeme. Sharti lake moja ni usafi: likishika vumbi na ukungu linaanza kunyonya tena, kwa hiyo lioshwe kabla msimu wa joto haujafika.

Aina ya paa ndiyo inayoamua saa ya taabu. Bati ni jembamba. Jua likilipiga huwaka ndani ya dakika chache, na jua likizama hupoa upesi. Chumba kilicho chini ya bati huwa kibaya zaidi saa saba na saa nane mchana, na usiku huwa na nafuu. Zege ni habari nyingine kabisa. Joto hulipenya polepole mno, kiasi kwamba bapa lenye unene wa sentimita 15 huchukua saa kadhaa kabla joto la upande wa juu halijajitokeza upande wa chini. Jua la saa tisa alasiri huingia chumbani watu wanapotandika vitanda. Wengi hudhani joto la usiku ni la usiku, kumbe ni la mchana lililochelewa njiani. Hilo ndilo ulilolihisi kiganjani.

Kuna jambo jingine ambalo kipimajoto cha ukutani hakikwambii. Dari iliyopata moto haipashi hewa peke yake, bali hurusha joto moja kwa moja kwenye ngozi yako, kama moto wa kuni unavyokuchoma uso hata usiku wa baridi. Mwili haupimi hewa tu. Unapima pia nyuso zinazouzunguka. Ndiyo maana kiyoyozi kinaweza kuonyesha nyuzi 25, kipimajoto kikakubali, na bado aliyelala kitandani akalalamika. Halalamiki bure. Hewa imepoa, lakini dari iliyo juu yake bado inampiga, naye anashusha kiyoyozi hadi 18 ili baridi ya hewa ifidie joto la dari. Analipia kosa la paa kwa umeme wa usiku kucha.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ya kupoza nyumba ya ghorofa itumike juu ya dari. Kama kuna nafasi kati ya dari na paa, weka tabaka nene la pamba ya kioo au kitu kingine chepesi kilichoshika hewa ndani yake, bila kuacha mapengo kwenye pembe. Karatasi ya alumini nayo inasaidia sana, ila kwa sharti ambalo mafundi wengi hulisahau: upande unaong'aa lazima utazame nafasi tupu ya hewa. Alumini hainyonyi wala hairushi joto kirahisi panapokuwa na nafasi mbele yake. Ukiibana kati ya bati na ubao, inageuka chuma kinachopitisha joto kwa kugusana, na kazi yake imeisha. Vilevile, hewa iliyo darini ipewe njia: matundu ya kuingilia chini ya mapaa, na matundu ya kutokea kwenye mgongo wa paa.

Wenye paa bapa la zege hawana nafasi ya darini, lakini wana njia nzuri kuliko wanavyodhani, nayo ni kulitia paa kivuli. Paa la pili jepesi lililoinuliwa kidogo juu ya zege, upepo ukipita katikati, huzuia jua kabla halijaligusa zege. Paneli za umeme wa jua zilizosimikwa kwa nafasi ya hewa chini yake hufanya kazi hiyo pia. Joto lililozuiwa nje halihitaji kuondolewa ndani, na mimi sijaona hatua nyingine kwenye nyumba ya ghorofa inayorudisha gharama yake kwa uhakika kama hiyo.

Madirisha yana kanuni ileile. Pazia la ndani, hata likiwa zito, linakutana na jua lililokwisha kuvuka kioo. Mwanga umegeuka joto, na joto liko chumbani. Kivuli kilicho nje ya kioo, kiwe mbao za luva, turubai au baraza, hulirudisha jua kabla halijaingia. Dirisha la magharibi ndilo la kuangaliwa kwanza, kwa sababu jua la jioni liko chini na linaingia mlalo hadi ukuta wa pili wa chumba, tena wakati nyumba imekwisha kujaa joto la siku nzima. Ghorofa za juu zina dhiki ya ziada: zimepita kimo cha miti na nyumba za jirani, hivyo kivuli ambacho ghorofa ya chini inapata bure, juu lazima kitengenezwe.

Ngazi

Sasa turudi kwenye ile hewa moto inayopanda, maana hapo ndipo mambo yanapochanganyikana.

Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Ikipata joto zaidi kwa nyuzi 10, uzito wake hupungua kwa asilimia 3 na ushee. Ni kidogo, lakini nyumba yenye kimo cha mita 9 ni mnara wa hewa, na tofauti hiyo ndogo ikijumlishwa kutoka chini hadi juu inatosha kuisukuma hewa bila kukoma. Nafasi ya ngazi inakuwa bomba la moshi. Ndani kukiwa na joto kuliko nje, hewa huingia kwa milango na madirisha ya chini, hupanda kwa ngazi, na kutokea juu. Katikati kuna kimo fulani ambapo haiingii wala haitoki.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wanaoishi juu. Usiku unafungua dirisha la chumba chako, unajua fika kwamba nje ni baridi, na bado hupati upepo. Si kwamba hewa haitembei. Inatembea, lakini dirisha lako ni la kutokea. Hewa baridi iliingia kwa mlango wa chini, ikapita jikoni, ikapita kwenye friji na runinga, ikapita kwa watu waliokaa sebuleni, kila mmoja wao akitoa joto la wati 100 hivi, ikapanda ngazi, na ndipo ikakufikia wewe ikiwa njiani kwenda nje. Waliopo chini wanapumua hewa mpya. Wewe unapata iliyotumika.

Dawa yake ni kuipa hewa hiyo iliyotumika mlango mwingine. Dirisha au tundu la kufunguka lililo juu kabisa ya ngazi, juu ya vichwa vya wanaolala, litaitoa hewa moto kabla haijaingia vyumbani. Kama lipo dirisha hapo, weka feni ikitazama nje, iwe inatoa hewa. Wengi huielekeza feni ndani wakitaka upepo. Igeuze. Feni inapovuta kutoka kilele cha ngazi, kile kimo kisicho na mwendo husogea juu, na madirisha ya vyumba vya juu yaliyokuwa ya kutokea yanaanza kuvuta hewa baridi kutoka nje. Fungua la chumba unachotaka kupoza, funga ya chini yasiyo na kazi, acha mlango wa chumba wazi ili hewa ipate pa kupita kuelekea kwenye feni. Ndani ya dakika kumi pazia litavimba kuingia chumbani.

Tahadhari moja haina mjadala. Kama ndani ya nyumba kuna hita ya maji ya gesi au jiko linalotoa moshi kwa bomba, feni yenye nguvu inaweza kuurudisha moshi huo ndani. Moshi huo hubeba monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Usiwashe feni ya kutoa hewa vifaa hivyo vikifanya kazi, na madirisha ya kuingizia hewa yawe wazi kwa upana wa kutosha.

Mchana, kiyoyozi kikiwaka, mambo hugeuka juu chini. Ndani sasa ni baridi kuliko nje, hewa baridi ni nzito, na bomba la moshi linafanya kazi kinyume: hewa iliyopozwa inashuka kwa ngazi na kuvuja chini ya mlango wa mbele, na nafasi yake juu inachukuliwa na hewa moto inayofyonzwa kutoka darini na kwenye mianya ya madirisha ya juu. Kwa hiyo anayesema hewa hupanda tu, saa nane mchana kwenye nyumba yenye kiyoyozi amekosea kabisa.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Chana ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, mrefu kama kiganja. Kiyoyozi cha chumba cha juu kikiwa kimewaka kwa nusu saa, fungua mlango unaoelekea kwenye ngazi, uinamie, uushike ukanda huo karibu na sakafu. Utalala kuelekea ngazini: hiyo ni baridi inayomwagika kama maji. Sasa uinue ukanda uleule hadi juu ya kizingiti cha mlango. Utageuka na kulala kuelekea chumbani: hilo ni joto la ngazi linaloingia kuchukua nafasi. Mlango mmoja, mito miwili, kila mmoja na upande wake.

Kutokana na hapo, maamuzi kadhaa yanakuwa mepesi. Baridi iliyotengenezwa chini hubaki chini kama maji kwenye beseni, haipandi. Anayetaka kupoza vyumba vya juu kwa kiyoyozi cha sebuleni anajichosha bure. Baridi iliyotengenezwa juu humwagika kushuka, hivyo mwenye uwezo wa kununua kiyoyozi kimoja tu akifunge juu. Akitaka kibaki na chumba kimoja afunge mlango. Akitaka kisaidie na ghorofa ya chini auache wazi, akijua kwamba kitachukua muda mrefu zaidi. Na mianya ya kuzibwa kwanza iko juu: kifuniko cha kupandia darini, matundu ya taa, na pale dari inapokutana na ukuta.

Nyumba zenye mtambo mmoja wa kupoza jengo zima kwa njia za hewa zina tatizo lao. Themostati, kifaa kinachopima joto na kuuwasha au kuuzima mtambo, mara nyingi iko ghorofa ya chini. Sebule inafika nyuzi 24, mtambo unazima, na juu bado ni 29. Njia bora ni kugawa nyumba, kila ghorofa iwe na themostati yake na vilango vinavyoruhusu hewa kwenda upande unaohitaji. Kama hilo haliwezekani, punguza kidogo matundu ya hewa ya chini ili hewa nyingi ipande, na hakikisha tundu la juu linalorudisha hewa mtambooni halijazibwa na kabati. Lakini usifunge matundu mengi mno. Hewa ikibanwa, presha hupanda, njia huvuja, na koili ya baridi, yaani mabomba yaliyokunjwa yanayopoza hewa, inaweza kuganda barafu. Kagua pia njia zenyewe kama zimepitishwa darini, mahali penye joto kuliko pote. Katika nyumba nyingi asilimia 20 hadi 30 ya hewa hupotelea kwenye viungo vinavyovuja kabla haijafika chumbani. Gundi maalumu ya viungo na siku moja ya fundi mwaminifu hurudisha sehemu kubwa ya hiyo.

Kufungua na kufunga

Nyumba inayofunguliwa mchana kutwa ili ipate hewa huwa imeshindwa kabla ya jioni. Madirisha hufunguliwa hewa ya nje inapokuwa baridi kuliko ya ndani, na hufungwa kabla hali haijageuka. Vipimajoto viwili vya bei nafuu, kimoja ndani na kimoja nje penye kivuli, vitakuonyesha saa kamili kwa nyumba yako, na utashangaa jinsi ilivyo mapema asubuhi.

Usiku hewa baridi inapozipita kuta na sakafu za zege, zinapoa kwa kina, na kesho yake zinakuwa akiba: zinanyonya joto la mchana badala ya kulitoa. Utaratibu huu hustawi mahali pakavu, ambako usiku hushuka nyuzi 15 chini ya mchana. Mji wa Yazd, Iran, ulijenga minara ya kukamata upepo karne nyingi kabla ya umeme, na ile minara ni ngazi yetu ileile iliyopewa heshima: mrefu, wazi juu, ikishusha upepo na kupandisha joto.

Mahali penye unyevu mwingi hali ni tofauti, na ushauri wa mahali pakavu usinakiliwe tu. Huko usiku haushuki sana, na hewa ya nje hubeba maji. Ukifungua usiku kisha ukawasha kiyoyozi asubuhi, kitaanza kwa kukausha hewa kabla ya kuipoza. Kuugeuza mvuke uwe lita moja ya maji huhitaji kuondoa karibu kilowati-saa 0.7 za joto. Tazama ndoo iliyo chini ya bomba la kiyoyozi jinsi inavyojaa. Kila lita iliyomo imelipiwa. Vipoza hewa vya maji, vinavyopuliza hewa kupitia pedi zilizolowa, navyo hufanya kazi vizuri penye ukavu, lakini penye unyevu huongeza jasho tu.

Feni ina nafasi yake, ikieleweka kwamba humpoza mtu, haipozi chumba. Inaharakisha jasho kukauka. Kwa chumba ni kinyume: wati zake 50 zinageuka joto. Kwa hiyo izimwe chumba kikiwa kitupu. Lakini penye mtu, feni ya dari inamwezesha kuishi na kiyoyozi kilichopandishwa kwa nyuzi 2 bila kuona tofauti, na feni inakula wati 50 huku kiyoyozi kikila elfu moja. Hewa ikifika nyuzi 40, Shirika la Afya Duniani linashauri feni isitegemewe, maana inakuwa inapuliza moto mwilini.

Kiyoyozi kikifika

Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Shida ya kiwanda haikuwa jasho la wafanyakazi. Karatasi zilivimba na kunywea kadiri unyevu ulivyobadilika, na rangi hazikukaa mahali pake. Kiyoyozi kilizaliwa kikiwa mashine ya kudhibiti unyevu, na hadi leo hiyo ni nusu ya kazi yake. Hili lina uzito mtu anapochagua ukubwa.

Kiyoyozi kikubwa kupita chumba hupoza hewa kwa dakika chache, huzima, huwaka tena, huzima. Hakipati muda wa kukausha. Chumba kinakuwa baridi na chepechepe, mashuka yanashika unyevu, na mtu anashusha nyuzi zaidi akidhani bado kuna joto. Kidogo kinachofanya kazi kwa utulivu muda mrefu ni bora, na chenye inveta, ambacho kompresa yake, yaani pampu ya gesi ya kupoza, hupunguza mwendo badala ya kuzima kabisa, ni bora zaidi. Ndiyo sababu nilikiweka mwisho: ukishapaka paa, ukatia dari pamba na madirisha kivuli, ukubwa unaohitajika unashuka. Ukinunua kwanza, umenunua kwa kipimo cha nyumba isiyotengenezwa.

Kukiweka nyuzi 16 hakupozi chumba upesi kwa kiyoyozi cha kawaida cha kuwaka na kuzima. Kinafanya kazi kwa nguvu ileile, ila kinapitiliza. India iliagiza kwamba kuanzia Januari 2020 viyoyozi vya vyumba vyenye lebo ya nyota, inayoonyesha ufanisi wa umeme, viwekwe nyuzi 24 kiwandani, na mamlaka yake ya ufanisi wa nishati hukadiria kwamba kila nyuzi moja unayopandisha huokoa asilimia 6 hivi ya umeme. Chujio likisafishwa mara kwa mara huokoa nyingine, na ni kazi ya dakika kumi na maji ya bomba.

Jihadhari na kiyoyozi cha magurudumu chenye bomba moja linalotolewa dirishani. Kinachukua hewa ya chumba, kinaitumia kupoza mashine yake, kisha kinaitupa nje. Hewa hiyo iliyotupwa lazima ifidiwe, nayo inafidiwa na hewa moto kutoka ngazini na darini. Kwenye ghorofa ya juu, mashine hii inajivutia kazi mpya kila dakika. Chenye mabomba mawili hakina kasoro hiyo.

Na kwa majengo marefu, angalia vipande vya nje vya viyoyozi vilivyofungwa ukutani kimoja juu ya kingine. Cha chini hupuliza hewa moto, hewa hiyo hupanda, na cha juu huivuta. Cha juu kabisa, ambacho tayari kinahudumia ghorofa yenye joto kuliko zote, kinapumua joto la vyote vilivyo chini yake. Visogezwe kwa zamu kulia na kushoto.

Nimeandika kwa kirefu kuhusu ghorofa ya juu kwa sababu joto la huko si usumbufu tu. Julai 1995, wimbi la joto huko Chicago liliua watu zaidi ya 700, na watafiti waliochunguza vifo hivyo walikuta kwamba kuishi ghorofa ya juu kabisa kuliongeza hatari. Agosti 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, na huko pia kulala chini ya paa kulijitokeza miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari. Huenda sakafu mbili chini yao palikuwa na nafuu ya nyuzi kadhaa.

Kupaka paa huchukua siku, kutia dari pamba huchukua wiki, na wimbi la joto halingoji. Kama kuna mzee, mgonjwa au mtoto mchanga anayelala juu, na utabiri unasema wiki hii itakuwa kali, mshushie kitanda sebuleni leo kabla ya magharibi, karibu na dirisha linaloingiza hewa. Ngazi ziachwe wazi, dirisha la kilele lifunguliwe, na feni ya huko juu iwashwe ikitazama nje.